Baba Alipompima Mama Mkwe

Kwanza kilisikika kikohozi. Kimoja, kifupi, kikavu, kisha kimya. Kikaja cha pili. Nilikuwa nyuma ya pazia la kibanda chetu sokoni Bwera, pasi ya mkaa mkononi, moshi umenijaa machoni, lakini sikuhitaji kuchungulia ili nijue nani anakohoa upande wa pili wa mabati.

Nilijua kwa sababu hakuita. Mwanamke mwingine yeyote angepaza sauti, "Fundi, upo?" Huyu hakuweza. Fundi alikuwa amemwoa binti yake, na mama wa Kikonzo, kabila la milima ile, hamwiti mume wa binti yake, hamtazami usoni, hapishani naye njiani. Akiwa na haja, husimama nyuma ya nyumba, hugeuza mgongo, hukohoa mpaka mtoto wa nyumba atoke kupokea alicholeta. Mtoto wa nyumba nilikuwa mimi.

Kikohozi cha tatu. Sikutoka.

Mbele ya pazia, kwenye benchi la wateja, alikaa Yosamu pamoja na vijana wawili wa darasa langu. Nilisoma nao Kasese, na siku zile za likizo walikuwa wamepanda lori kuja Bwera kwa mjomba wake Yosamu. Walileta kaptula za kupunguzwa. Nao walijua mambo matatu juu yangu, yote ya uongo. Walijua jina langu ni Eriya. Walijua watu wangu ni Wakonzo wa milimani, ila mimi nimekulia Katwe kwenye ziwa la chumvi, ndiyo maana ulimi wangu una michanganyiko. Na tangu asubuhi ile walijua kwamba mzee wa cherehani ni Mkongo ninayemsaidia kazi siku za likizo.

Jina langu ni Asumani. Mzee wa cherehani ni Muniru, baba yangu mzazi. Kama ningetoka, yule mama angeniambia kwa sauti yake ya kuvuta, "Mjukuu wangu, mpe baba yako nguo hii." Yosamu angesikia. Basi nikakaza macho kwenye shati lililokuwa mbele yangu, nikapiga pasi mahali palipokwisha nyooka.

Tulivuka mpaka pale Mpondwe, kutoka Kongo kuingia Uganda, mwishoni mwa mwaka elfu moja mia tisa sitini na nne, baba akiwa na cherehani kichwani na mimi na furushi la nguo za watu ambao hatukujua kama bado wako hai. Mama alikuwa amekufa Stanleyville kabla ya vita. Baba alikuwa na miaka arobaini na minne. Umri huo mtu kwao ana heshima, ana wateja wake, ana kiti chake msikitini, anajua amsalimie nani kwanza na nani baadaye. Sisi vijana tulibadilika kama tunavyobadili shati. Kwake yeye ilikuwa kama kung'oa mti uliokwisha zaa, kuupanda upya, kisha kuulaumu majani yake yanapokauka.

Alijitahidi, Mungu shahidi. Mwaka wa kwanza tulikaa Kasese kwa Bi Saudah, mjane aliyetupangisha chumba nyuma ya kituo cha reli, na baba alishona kwenye baraza la duka, kisha akafungua kibanda Bwera. Aliendesha baiskeli upande wa kulia kama kwao, lori likamtupa mtaroni. Akasimama, akamwomba radhi dereva kwa Kifaransa. Alijifunza salamu za Kikonzo zote, akazitumia bila kuchagua, ya asubuhi akaisema jioni. Alisalimia wanaume kwa kugonganisha vichwa mara tatu, huku na huku, kama walivyofanya mafundi wenzake Stanleyville, na wanaume wa Bwera wakawa wakimwona kwa mbali wanashika kofia zao. Watu walicheka. Yeye alicheka nao. Alidhani wanamfurahia.

Mimi sikucheka. Mimi nilihesabu kila kosa lake kama mtu anayehesabu mawe anayotupiwa.

Kisha akamwoa Kabugho, mwanamke wa miaka thelathini na mitatu aliyekuwa akileta chumvi ya Katwe sokoni. Mume wake wa kwanza alikuwa amefariki. Kabugho alikuwa mpole, mcheshi, na alimpenda baba kwa namna ambayo sikuielewa, mimi niliyekuwa nikimwonea haya. Mbuzi wa mahari walipelekwa, watu wakala, na miezi ikapita, na Kabugho akawa na mimba. Jambo moja tu lilimsumbua baba. Kila alipomwona mama yake Kabugho, Bibi Erina, njiani, yule mama aliacha njia. Aliingia migombani. Mara moja aliingia kwenye kijito mpaka magotini, na kitambaa amejifunika uso.

Kwa baba hiyo ilikuwa kama kutemewa mate. Dini yake ilimfundisha kwamba mama wa mkeo ni kama mama yako. Kwao ungembusu mkono, ungemkalisha kwenye kiti chako. Fundi wa Stanleyville aliyemshonea mama mkwe wake nguo bila kumpima kwa mikono yake mwenyewe angeambiwa ana kiburi.

Wiki tatu kabla ya kikohozi, nilipofika nyumbani likizo, alinishika bega pale uani.

"Mutoto yangu, weye iko unasoma na batoto ya hapa. Juu ya nini maman ya Kabugho anakimbiaka miye? Nimemufanya nini? Ni juu miye mutu ya Congo?"

Nilijua jibu. Yosamu mwenyewe alikuwa amenieleza mambo ya wakwe mwaka uliotangulia, tukicheka. Zaidi ya hapo, asubuhi ileile Kabugho alikuwa ameniita jikoni. "Asumani, mwelezee baba yako mambo ya hapa, kuhusu mama," aliniambia. "Mimi ni aibu kumsemea mama yangu kwa bwana yangu. Nikijaribu, nacheka, naye anafikiri natania. Wewe unaweza." Nikamwambia ndiyo.

Na baba aliponiuliza, aliniuliza kwa sauti, mlango wazi, na barabarani walikuwa wakipita wasichana wa shule ya misheni. Ile sauti yake. Lile "miye" lake. Nikasema, "Sijui, baba," nikapita kwenda zangu. Nilijiambia nitamweleza jioni. Jioni nikasema kesho.

Sasa nyuma ya mabati kikohozi cha nne kilianza, na baba akaacha kukanyaga cherehani. Nilisikia kiti chake kikisogea.

"Nani iko kule nyuma?" akasema. Akatoka.

Kati ya kiti kusogea na yeye kuzunguka kibanda, palikuwa na hatua kama saba. Ningeweza kusema neno moja. Hata "baba" ingetosha, angegeuka. Lakini neno lenyewe ndilo nililokuwa nalificha.

"Maman!" nikamsikia. "Ah, maman ya Kabugho! Karibu, karibu! Leo ni furaha!"

Aliingia amemshika mkono; niliwaona kupitia upenyo wa pazia. Bibi Erina alikuwa amejifunika kichwa na uso kwa kanga, ameinama, mguu unavuta nyuma, na chini ya kwapa amebana gomesi, gauni yake ya zamani aliyoileta iwe kipimo. Hakusema kitu. Hakuruhusiwa kumsemesha. Baba alichukua kimya kile kuwa ni haya ya mtu mzima aliyekuja kupatana. Uso wake uling'aa. Sijawahi kumwona na uso kama ule tangu tuvuke mpaka.

"Hapana hii nguo mukuukuu," alisema, akaichukua ile gomesi, akaiweka kando kwa adabu. "Miye nitakupima miye mwenyewe. Kitambaa ya kwangu. Kizuri kuliko vyote."

Akavua futi yake ya kupimia shingoni. Akaizungusha mabegani kwa mama mkwe wake. Akaizungusha kifuani.

"Mutoto yangu, andika! Kifua, mia moja na sita!"

Baba alimwita kila kijana mutoto yangu, kwa hiyo Yosamu hakushtuka kwa hilo. Alishtuka kwa lile alilokuwa akiliona. Alijua yule mama ni nani. Mjomba wake alikaa jirani naye. Alisimama kwenye benchi, mdomo wazi.

"Kiuno, tisini na nane! Umeandika?"

Nilikuwa nimeandika. Nawaambia ukweli wote: kalamu ya risasi ilikuwa mkononi, daftari lilikuwa mezani, na niliandika mia moja na sita, nikaandika tisini na nane. Nilikuwa nimeanza kuandika nyonga Bibi Erina alipoketi chini. Hakuanguka. Alikunja magoti polepole, akaketi kwenye vumbi katikati ya vipande vya vitambaa, akajifunika kichwa chote, akaanza kulia kwa sauti ndogo kama ya mtoto aliyekatazwa kulia.

Mwuza unga wa muhogo wa jirani akapiga kelele. Wanawake wakaja, wakaona futi ikiwa bado kiunoni mwake. Soko likanyamaza kidogo, kisha likapasuka kwa kicheko. Wengine walizomea. Mmoja alisema kwa Kikonzo, "Bado kumpima kitandani!" Baba alibaki amepiga goti moja, akitazama uso huu na uso ule, akitabasamu bado, maana alizoea kuchekewa na hakujua kwamba kicheko hiki kilikuwa cha namna nyingine.

"Bosi wako ana wazimu," Yosamu aliniambia, kichwa amekipenyeza kwenye pazia.

Nami nikajibu, "Wakongo ndivyo walivyo."

Maneno hayo nimeyabeba mpaka leo.

Walimwinua Bibi Erina, wakamfunika kwa mashuka mawili, wakampandisha mlimani kwake. Kabla jua halijazama Kabugho alikuwa akifunga nguo zake. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningepata nafuu.

"Umenivua nguo mbele ya watu," alimwambia baba. "Mimi na mama yangu. Wote wawili. Atawezaje kwenda kisimani?"

"Kabugho, nimefanya nini? Niambie! Nilimuheshimu!"

Aliacha kufunga. Akamtazama. "Hujui?" Kisha akanigeukia mimi, niliyekuwa nimesimama mlangoni. "Si nilimwambia Asumani akueleze? Wiki tatu sasa. Hakukueleza?"

Baba naye akanigeukia. Sijui uso wangu ulikuwaje. Najua tu kwamba alinitazama kwa muda kama wa kutunga uzi kwenye sindano, na kitu kikazimika machoni mwake, na alipomgeukia tena mke wake sauti yake ilikuwa imetulia.

"Alinieleza," akasema. "Alinielezaka vizuri. Ni miye tu."

"Ulijua?"

"Nilijua."

Kabugho alichukua kikapu chake, akatoka na mimba yake ya miezi sita, akapanda mlima peke yake. Nilimwona mpaka migomba ikamficha. Ningeweza kumkimbilia, alikuwa anatembea polepole.

Usiku ule tulikula sombe, kisamvu cha jana. Nilingoja anipige au anitukane. Aliosha sahani yake, akaosha na yangu.

Siku ya tatu Semu alituita. Semu alikuwa mdogo wa marehemu mume wa Bibi Erina, na kwa kuwa ndugu yake alikuwa amekufa, yeye ndiye aliyesema kwa niaba ya nyumba. Alikuwa amepigana Burma katika jeshi la Mwingereza, na Kiswahili chake kilikuwa kimebaki kulekule, kwenye gwaride. Tulimkuta uani kwake pamoja na wazee watatu wa ukoo. Bibi Erina alikuwa ndani, mlango umerudishwa nusu; tulisikia tu pumzi yake na sauti ya Kabugho akimnong'oneza. Baba alikuwa amevaa koti lake la Stanleyville. Alikuwa ameleta kondoo, kwa sababu mtu fulani sokoni alimwambia kondoo huosha mambo. Wazee hawakumtazama yule kondoo.

"Fundi, kaa," alisema Semu. "Mimi nauliza, wewe najibu. Hapana zungusha."

"Ndiyo, mukubwa."

"Ukoo wetu iko na sheria mbili kwa jambo hii. Mutu akikosa kwa kutojua, huyo ni kama mutoto ameshika moto. Hapana piga yeye. Kondoo inachinjwa, mama anaoshwa, bibi anarudi nyumbani, mambo kwisha. Lakini kama mutu alijua, halafu akashika mama mkwe mbele ya soko, huyo ametemea sisi mate. Mbuzi zake zitarudi. Bibi anabaki hapa. Na mutoto akizaliwa, atazaliwa hapa na jina ya hapa, na wewe hapana baba yake. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi. Ulijua, ao hukujua?"

Baba aliweka mikono magotini. Ilikuwa mikono ya fundi, yenye alama za sindano. Nilikuwa nimeketi hatua mbili kutoka kwake. Nilisubiri aseme hakujua. Niliomba aseme. Lakini nilijua, kama alivyojua yeye, swali lipi lingefuata.

Na Semu, kama amesikia mawazo yetu, akaninyooshea kidole. "Huyu kijana anasema Kikonzo kama sisi. Iko kijana ya akili. Binti yetu alimwambia afundishe baba yake. Kama hakufundisha, huyu ndiye adui. Kijana kama huyu, anaacha baba yake aingie shimoni anaangalia? Ukoo mzima ya hapa hapana toa yeye hata maji ya kunywa. Atarudi huko alikotoka."

"Hapana," baba alisema haraka. "Mutoto hana kosa. Mutoto alinieleza. Yote. Mara mbili, mara tatu. Miye ndiye kichwa nguvu. Nilisema hizi ni mambo ya bashenzi ya mulimani. Ni miye."

Ndani ya nyumba mtu alilia kidogo, kisha mlango ukafungwa kabisa.

Mzee mmoja alitema mate pembeni. Semu akasimama wima kama askari. "Kwisha. Chukua kondoo yako. Toka."

Tuliteremka mlima. Kondoo alikuwa mkaidi, ikabidi baba amvute. Alivuta, akateleza, akachafua koti lake, akainuka, akavuta tena. Mimi nilitembea nyuma yake na mikono mitupu. Tulipofika kwenye kijito akaketi juu ya jiwe kupumzika, na ndipo aliposema, kwa sauti ya kawaida, kama tunaongea habari ya kitambaa:

"Nitarudi kwetu. Nitavuka juma lijalo, na mashini. Weye utakaa Kasese na Saudah, nimekwisha mutumia habari. Utamaliza masomo."

"Kule kuna vita, baba. Askari wa kukodiwa wanaua watu. Juzi watu wamevuka Mpondwe na majeraha."

"Vita najua. Hata salamu yake najua." Akacheka kidogo. "Hapa ndiyo sijui. Kila asubuhi natoka inje kama mutoto ya siku moja. Naogopa kukohoa, labda kukohoa iko na maana. Miye nimezeeka, Asumani. Sitajifunza tena. Lakini weye umeshakuwa mutu ya hapa. Nilikuona siku ile na barafiki yako, unaongea, unacheka, hakuna mutu anajua umetoka wapi. Nilisema, al-hamdulillahi. Mumoja wetu amefika."

Alijua. Alikuwa amesikia kila kitu kupitia lile pazia: bosi, Mkongo, Wakongo ndivyo walivyo. Alisikia akiwa amepiga goti na futi mkononi, na akanisamehe palepale, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Nimepigwa maishani mwangu, nimetukanwa, mara moja nimefungwa. Hakuna kilichonishusha kama ule msamaha ambao sikuuomba.

"Nisubiri," nikamwambia.

"Unaenda wapi? Asumani!"

Nilipanda mlima mbio. Nilikuwa kijana mwenye majivuno makubwa. Nilijiona nina akili kuliko mtu yeyote kati ya Kasese na Mpondwe, na niliamini kwamba siku moja watu watanyamaza nikifungua mdomo. Siku ile walinyamaza. Nilifika uani kwa Semu nikihema, wazee wakiwa bado wameketi, kibuyu cha tonto, pombe ya ndizi, kinazunguka.

"Hakujua," nikasema kwa Kikonzo. "Baba yangu hakujua. Ni mimi."

Semu aliweka kibuyu chini. Aliacha Kiswahili cha gwaride, akanijibu kwa lugha yake, na kwa lugha yake alikuwa mtu mwingine, mtaratibu, wa kutisha zaidi. "Rudia, mwana."

Nikarudia. Nilisema kila kitu, bila kukipamba. Nilisema Kabugho aliniambia nini jikoni. Nilisema baba aliniuliza nini uani, na kwa nini nilisema sijui. Nilisema habari ya Yosamu, na jina la Eriya, na Katwe ambako sijawahi kulala hata usiku mmoja.

"Kwa nini baba yako amesema alijua?"

"Ili mnipe maji ya kunywa."

Hakuna aliyecheka. Mlango wa nyumba ukafunguka, na Bibi Erina akatoka. Kwangu hakuwa na mwiko. Mimi nilikuwa mjukuu. Sikuwahi kumwona uso wote kwa karibu. Alikuwa mwanamke mwenye nguvu bado, nyusi nzito, macho yamevimba. Kabugho alisimama nyuma yake, mkono juu ya tumbo.

"Siku ile ulikuwamo ndani?" Bibi Erina aliuliza.

"Nilikuwamo."

"Ulinisikia?"

"Nilikusikia, bibi. Tangu kikohozi cha kwanza."

"Na aliyekuwa anaandika vipimo vyangu?"

"Ni mimi."

Nilidhani atanipiga. Akasema, si kwangu, kwa Semu: "Yule mzee wa watu. Alinishika mkono kama anashika yai. Mimi nikafikiri ni dharau." Akapangusa pua kwa ncha ya kanga. "Na huyu kinda mwenye shule ndiye aliyeniuza."

 Kabugho alinitazama, na nikaangusha macho.

"Kijana apigwe," alisema mzee aliyetema mate.

"Alama za kiboko zitakauka kesho," Semu alijibu. "Mama mwenyewe aseme. Aliyevuliwa nguo ni yeye."

Bibi Erina alikaa kwenye mkeka.  Kuku alipita katikati yetu, hakuna aliyemfukuza.

"Kondoo arudi," alisema mwishowe. "Achinjwe, nioshwe, binti yangu aende kwa mume wake. Yule fundi hana kosa kwangu. Mwambieni tu asinisalimie tena mpaka nife." Mzee mmoja aliguna, nusu ya kicheko. "Lakini kondoo ataniosha hapa mlimani. Kule sokoni bado nimekaa chini na kamba kiunoni. Kila mtu ameniona. Wanasema mkwe wangu alinishika makusudi, na wanamwita mnyama. Kondoo hawezi kwenda kuongea na soko. Nani ataongea na soko?"

Nilijua anachotaka kabla hajamaliza. Soko lilikuwa kesho. Yosamu na wenzake walikuwa bado kwa mjomba. Wangekuwapo, mbele kabisa, kama kawaida yao, wakitafuna miwa. Nikaanza kukung'uta vumbi kwenye suruali yangu.

"Usininyamazie," alisema Bibi Erina. "Ulininyamazia mara moja, inatosha."

Nikapiga magoti mbele ya mkeka wake, nikasema kwa sauti, ili wazee wasikie, na Kabugho asikie, na hata yeye aliyekuwa kule chini kwenye kijito, kama upepo ungetaka, asikie:

"Bibi, kesho soko likijaa nitapanda juu ya benchi la wateja. Nitasema kwa Kikonzo, kisha nitasema kwa Kiswahili, mbele ya wenzangu wa Kasese na mbele ya kila aliyecheka. Nitasema ulikuja na adabu yako, na mtoto wa nyumba akakuzibia masikio. Nitasema fundi Muniru hakujua, na aliyejua akanyamaza ni mimi. Na nitamwita baba. Nitamwita mpaka mtu wa mwisho wa soko asikie."